Jani Moja kwa Kila Paa

Kazi yangu ya kwanza ya serikali ilikuwa kuchomoa majani kwenye mapaa ya watu. Kila paa jani moja.

Wajukuu nikiwaambia hivyo wanacheka, wanasema babu anatunga. Situngi. Enzi za Mwingereza tulikuwa tunalipa kodi ya nyumba, na ili ulipe lazima kwanza nyumba yako ihesabiwe. Karani wa boma alikuwa na viatu vizuri, hakutaka kuvimaliza kwenye njia zetu, kwa hiyo kazi ya kuzunguka akamwachia jumbe, na jumbe akaniachia mimi. Nilikuwa nimeoa karibuni, nina miguu, na shule yangu ni juzuu chache na madarasa mawili. Ningeendelea kusoma, lakini mwaka ule nguruwe waliingia kwenye mihogo yetu, na baba akaona mtu wa kulinda shamba ana faida kuliko mtu wa kuandika herufi. Basi nikaishia hapo. Hadi leo kusoma nasoma kwa kidole, na hesabu ikishapita vidole vya mikono na vya miguu inanipotea.

Jumbe alilijua hilo, ndiyo maana akanifundisha njia yake. Unafika nyumbani kwa mtu, unapiga hodi, unasalimia, unachomoa jani moja la paa, liwe kuti liwe unyasi. Unakwenda kwa jirani, unachomoa tena. Majani yote unayafunga kicha kimoja kwa kamba ya ukindu. Kijiji kikiisha, kicha kimefungwa. Karani anafungua, anahesabu majani, kodi ya kijiji imejulikana. Sheria yenyewe ilisema nyumba ni pale mtu anapolala. Jiko halimo, banda la mbuzi halimo.

Sasa nije kwa dada yangu, maana habari yote inaanzia kwake.

Dada ni mkubwa wangu. Alikuwa mjane, anakaa Gwata na binti yake mmoja. Mwaka huo binti alikuwa amevunja ungo, yuko ndani, mwali. Asiyezijua mila zetu nimweleze kidogo: mwali alikuwa anawekwa ndani miezi mingi, mwanamume hamwoni, hata awe mjomba wake. Nyumba ya dada ilikuwa ndogo na wageni hawakatiki, kwa hiyo akamjengea mwanawe kibanda cha nyuma, kwenye ua wa makuti, cha kumstiri mpaka siku ya kutolewa. Siku hiyo ikifika, kibanda kinabomolewa.

Nikafika na kicha changu. Nikachomoa jani la nyumba kubwa. Kisha nikaona juu ya ua kuna paa jingine. Nifanyeje? Kuingia siruhusiwi. Kuchungulia ni aibu ambayo ningekufa nayo. Kuuliza mle ndani kuna nini nako si adabu, maana kila mtu anajua na hakuna anayetaja. Nikageuza uso upande wa pili, nikanyoosha mkono juu ya ua, nikachomoa jani bila kutazama.

Dada alikuwa anatwanga. Akasimamisha mchi.

"Hicho unakihesabia nini? Si unajua ni kibanda cha nini?"

"Paa ni paa, dada. Mimi nimetumwa."

Nilisema hivyo, sitaki kujisafisha. Ningeweza kulitupa lile jani njiani, hakuna ambaye angejua. Sikulitupa. Nilikuwa na fahari ya kazi, nimepewa kofia na boma, kofia yenyewe kubwa inanifunika masikio. Nilipomwambia karani jani hili ni la kibanda cha uani, akauliza, "Hapa palilala mtu?" Nikasema, "Alilala." Dada akalipishwa nyumba mbili, na ili alipe akauza khanga mpya na shanga alizomwekea binti kwa siku ya kutoka. Mtoto wa watu akatolewa amevaa khanga ya mama yake iliyopauka. Wenzake wanacheza, yeye anatazama chini.

Dada hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Kuanzia siku ile akaacha kuniita mdogo wangu, akaniita mtu wa serikali. "Mtu wa serikali, karibu uji." "Mtu wa serikali, watoto hawajambo?" Miaka mingi hivyo, kwa upole kabisa.

Baadaye kodi ya nyumba ikageuka kodi ya kichwa, vichwa havina majani ya kuchomoa, kazi yangu ikafa yenyewe. Hakuna aliyekuja kuniambia niache. Kofia nikaendelea kuivaa shambani kwa ajili ya jua.

Huku nyuma kampuni ya mkonge ilikuwa imeshakuja na kukua. Vijana wa leo mnashuka kwenye mabasi pale Kwa Mathias mnadhani nchi hii ilizaliwa na maduka. Ilikuwa pori, na pori likifyekwa kwetu lilikuwa linafyekwa kwa ajili ya mkonge. Mistari ya mkonge imekwenda mpaka jicho linachoka. Katikati kuna kiwanda, na ndani yake mashine ya kukamua majani, tuliyoiita korona, ikinguruma siku nzima na kutema maji ya kijani yanayowasha. Wafanyakazi wametoka mbali, wamewekwa kambini. Na kila masika kampuni inasogeza vigingi vya mpaka kidogo, wala hatusikii hodi.

Kigingi kimoja kilikuja kukaa nyuma ya nyumba yangu. Asubuhi naamka, mimi na minazi ya baba tumo ndani ya shamba la watu. Baba alikuwa na desturi ya kupanda mnazi kila mtoto anapozaliwa, hata waliokufa wachanga walipandiwa. Wangu ulikuwa wa nne kutoka kisimani, umepinda kidogo, na dada alikuwa akinicheka kwa hilo tulipokuwa watoto. Meneja wa kampuni akaja akasema nikae tu, hana neno, nikae kwa hisani yake. Nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru kukaa kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Halafu daraja likavunjika. Lilikuwa daraja la magogo tulilolijenga wenyewe juu ya kijito, la watu na baiskeli. Matrekta ya kampuni yakawa yanapita hapo na matela yaliyojaa majani ya mkonge. Masika ikafika, magogo yakaenda na maji, na sisi wa ng'ambo tukakatika, mihogo yetu inaozea nyumbani kwa kukosa njia ya kwenda Mlandizi. Serikali ikasema daraja la saruji linawezekana ila baraza letu la wenyeji litafute gharama lenyewe. Wakili, yaani mkubwa wa baraza aliyewekwa na serikali, akapendekeza kila kaya ilipe ushuru mpya. Wazee wachache wakanung'unika: kwa nini isitozwe kampuni iliyolivunja? Basi ikapangwa siku ya kulijadili Kisarawe, kila upande ulete mtu wake. Sisi tungempeleka jumbe, lakini mguu wake ulikuwa umevimba. Wakanichagua mimi kwa kuwa nazungumza sana.

Habari ikafika kiwandani kabla ya mimi kufika nyumbani. Nyapara wa kampuni akanikuta nakwangua nazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Meneja anakusalimu. Anasema minazi yako imestawi sana mwaka huu."

"Alhamdulillahi."

"Anasema ingekuwa huruma ikatwe."

Akachukua kipande cha nazi, akala, akaaga kwa adabu. Wala sikumchukia, alikuwa ametumwa, na maneno ya mtu aliyetumwa nayajua.

Nikatembea mpaka Gwata kumweleza dada. Nilitaka aniambie, kaa kimya, una watoto. Nilikuwa tayari kabisa kumtii. Aliendelea kuchambua mchele, ungo magotini, hata hakuinua uso.

"Kwa hiyo safari hii utamhesabu nani, mtu wa serikali?"

Maneno yake niliyabeba njia nzima. Kulipopambazuka nikavaa ile kofia ya boma, nikachukua kamba ya ukindu na nyundo, nikaingia kiwandani kwa lango kubwa, mchana kweupe, nikaanza kuhesabu mapaa.

Kosa langu likaonekana pale pale. Paa la bati halina jani! Nimesimama chini ya ghala kama mjinga, mkono juu, hakuna cha kuchomoa. Vijana wa kambini wakaanza kunizomea. "Mzee, unapima mvua?" Mmoja akasema, "Mwacheni, anatafuta mchumba wa popo." Nikawaambia leteni ngazi. Kwa kuwa walitaka kuendelea kucheka, wakaileta. Nikang'oa msumari mmoja wa bati, ule wenye kofia. Paa la ghala, msumari. Paa la korona, msumari. Mabweni ya kambi yalikuwa ya makuti, hapo nikachomoa majani kama zamani. Nyumba ya meneja nikang'oa msumari wa barazani, nikamwomba mpishi wake radhi. Na nyuma ya nyumba ya meneja nikakuta kibanda kidogo kizuri, kimepakwa rangi, bati jipya linang'aa. Nikainama kutazama mwenyewe ni nani. Mbwa! Amelala kwenye gunia, ananitazama kwa jicho moja.

Nikang'oa na wake.

Kwenda Kisarawe tulipanda treni Soga mpaka Pugu, kisha tukapanda kilima kwa miguu. Nasema tulipanda kwa sababu dada alikuja. Hakuniambia anakuja. Nilimkuta stesheni amejifunika kaniki yake, amekaa juu ya kapu la mihogo. Alisema anakwenda kuuza Kisarawe. Mihogo ya Gwata kuuzwa Kisarawe, ambako mihogo inaota hata uani! Sikumwuliza.

Baraza lilikaa kwenye jengo la boma. Wakili mbele, kanzu nyeupe na koti. Bwana Shauri, Mwingereza kijana aliyekuwa na wilaya yetu, kaketi pembeni na daftari. Meneja naye kapewa kiti. Wanawake walikuwa nje ya dirisha, na dada yumo, kapu kichwani.

Meneja akasema mwanzo. Kiswahili alikijua, cha kuamrisha. "Mimi iko na watu mingi hapa. Nyinyi nataka ushuru? Sawa. Mimi nafunga kiwanda. Watu yote nakwenda nyumbani. Kesho nyinyi nakuja kulia kwangu."

Wazee wakaanza kutazamana. Wengi walikuwa na wana wanaofanya kazi kule, nami sikuwalaumu. Wakili akaitikia kwa kichwa. "Mmesikia wenyewe, waungwana. Tusikate tawi tulilokalia. Kila kaya itoe kidogo, daraja lijengwe, tubaki na jirani mwema."

Mzee mmoja wa hapo hapo Kisarawe, mfanyabiashara wa korosho asiye na haya, akauliza bila kusimama, "Bwana Meneja, samahani. Ukifunga, mkonge utauondoaje? Utautia mfukoni?"

Watu wakaguna kicheko. Meneja akawa mwekundu.

"Maana mimi niliwahi kung'oa shina moja tu likanitia homa," yule mzee akaendelea. "Wewe una mashina mpaka Ruvu. Nakuuliza kwa kukuhurumia."

"Mzee, adabu!" wakili akasema.

Nikaona hapo ndipo pangu. Nikasimama. Nasema ukweli, nilikuwa naiona ile minazi, wa nne umepinda. Nikaweka kicha mezani mbele ya wakili. Misumari na majani vimefungwa pamoja kwa ukindu.

"Nini hii?"

"Hesabu ya nyumba, Bwana Wakili. Ya kiwandani."

"Nani amekuruhusu kuhesabu?"

"Boma. Nilipewa kazi hii na boma hili hili, na kofia yake hii. Sijaambiwa niache."

Bwana Shauri akaacha kuandika. Akamwuliza karani kama ni kweli. Karani mzee, yule yule wa viatu, akasema kwa huzuni kwamba ni kweli, mzee huyu alikuwa mhesabu nyumba, na barua ya kumwachisha haikuwahi kuandikwa.

Nikafungua kicha. Nikaweka kimoja kimoja mezani. "Hili ghala. Hii korona. Hii nyumba ya bwana meneja mwenyewe. Na huu," nikainua msumari mpya unaong'aa, "ni wa mbwa."

Meneja akainuka kitini. "Hiyo ni banda ya mbwa! Hapana nyumba!"

"Analala humo, bwana. Nimemkuta amelala."

Jengo zima likapasuka kicheko, hata askari wa mlangoni. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshafika nilipokuwa nakwenda.

"Bwana Wakili," nikasema, "mwaka ule wa kodi ya nyumba nilichomoa jani kwenye kibanda cha mwali wa dada yangu. Kibanda cha kustiri mtoto, cha miezi michache. Boma likasema amelala mtu, ni nyumba, alipe. Dada yangu mjane akauza nguo za mwanawe akalipa. Hakusema atafunga nyumba ahame. Hakuna aliyempa kiti hapa amsikilize. Leo mnataka nirudi tena kwake nikamwambie alipie daraja lililovunjwa na matrekta, na mbwa aliyelala chini ya bati asilipe? Siendi. Mtafute mtu mwingine mwenye miguu. Paa ni paa. Nilimwambia dada yangu hivyo, na sasa nawaambia nyinyi."

Nikakaa. Nje ya dirisha sauti moja tu ikasikika, kapu likitua chini.

Wakili alitaka kuahirisha. Akasema jambo ni zito, lingoje mpaka kiangazi. Yule mzee wa korosho akasema, "Lingoje daraja lijijenge?" Wengine wakadakia, kelele ikawa kelele, mpaka Bwana Shauri akagonga meza akasema mikono ihesabiwe. Mikono ikainuka. Wa kwanza kuinua miongoni mwa wenye wana kiwandani alikuwa mzee ambaye hata leo sijui alipata wapi moyo huo, maana alikuwa na wana watatu korona. Ushuru wa kampuni ukapita. Meneja akatoka bila kuaga, akasahau kofia yake, ikabidi arudi kuifuata mbele yetu sote.

Sitasema tulishinda kila kitu. Karatasi ilikwenda Dar es Salaam, ikakaa, ikarudi imepunguzwa. Lakini kampuni ililipa, na daraja la saruji likajengwa. Nguzo zake bado zipo, nenda kaangalie. Kiwanda hakikufungwa hata siku moja. Korona iliendelea kunguruma kama kawaida.

Mimi nililetewa barua kabla mwezi haujaandama. Nyapara alinisomea, nikamwambia asome tena, si kwamba sikuelewa, nilitaka kusikia kama sauti yake itatetemeka. Ilitetemeka. Nihame, nyumba ibomolewe na kampuni.

"Mwambie meneja asitume mtu," nikasema. "Paa langu nalijua mwenyewe."

Nikapanda juu nikaanza kuliezua kwa mkono wangu, kuti baada ya kuti. Nisingempa mtu mwingine nafasi ya kugusa hata moja. Mke wangu anapokea chini, analalamika kwamba namwangushia vumbi machoni, tunagombana kidogo kama siku zote. Tukiwa katikati ya kazi dada akatokea, na nyuma yake binti yake, yule mwali wa zamani, sasa mwanamke mzima ana watoto wake.  Wakafunga makuti mizigo miwili, wakajitwika, wakashika njia ya Gwata. Siku ile ile shoka zikaanza upande wa kisimani. Nilizisikia zikifika wa nne. Sikugeuka, na sijutii, ingawa nazi za kununua mpaka leo hazina ladha.

Dada alinipa kiwanja nyuma ya nyumba yake, pale pale kilipokuwa kile kibanda. Tukajenga. Siku ya kuezeka, nimeshuka na jasho langu, natazama kazi, nikamwona anakuja kutoka jikoni. Akanyoosha mkono, akachomoa jani moja kwenye paa langu.  Akaligeuzageuza, akanitazama usoni, kisha akarudi nalo jikoni, akalichochea chini ya sufuria, likashika moto.

"Hili halina hesabu," akasema. "Kaa ule, mdogo wangu."